Vikombe Vitatu

Fungate ni siku saba, neno lenyewe lasema hivyo,
lakini msimamizi wa Twalib pale bandarini
hasomi kamusi. Alitupa tano.

Tatu tulizimaliza Wundanyi, kwenye baridi
ambayo sisi watu wa kisiwani twaisikia redioni tu.
Mume wangu, mtoto wa Kibokoni,
alilala na soksi, sweta mbili
na ile kofia ya harusi,
nikacheka hadi chumba cha pili wakagonga ukuta.
Hiyo ndiyo siri ya fungate yangu, mashoga.
Msiniulize tena.

Ya nne ikawa Idi ya kuchinja.
Tulishuka usiku kwa usiku, maana bibi harusi
akikosa Idi yake ya kwanza ukweni
hukumbushwa hata akiwa na wajukuu.
Mama mkwe alikuwa ameshaandika orodha
nyuma ya risiti ya mchele:
Kibokoni nyumba nne, Majengo mbili,
Kisauni kwa Mwana Rukia, asiyesamehe,
Likoni kwa mapacha wa Bi Zaituni,
Mikindani, nguvu zikibaki.

Nyumba ya kwanza pilau.
Ya pili pilau, na lawama: "Kwangu ndiko hamuli?"
Ya tatu mahamri kwa mbaazi,
kisha, tukiwa tumeshanawa mikono, pilau.
Kisauni tuliwekewa sinia la watu kumi
na Mwana Rukia akaketi mbele yetu
akihesabu matonge.
Twalib akasukuma mnofu upande wangu,
taratibu, kwa kidole kimoja,
wakaona mapenzi.
"Mashaallah," wakasema, "tazama anavyomlisha mkewe."
Mimi nilijua ameshiba.

Na mabibi walinitazama tumbo,
siku ya sita tangu nikaha,
kama watu wanaongoja barua posta.
Kama mlikuwa na kitu mle, wallahi, ni mchele.

Changamwe haikuwamo kwenye orodha.

Baba yangu yuko Changamwe, chumba kimoja
nyuma ya gereji ya malori.
Alitoka kwetu nikiwa darasa la tatu.
Siku ya nikaha alitoa idhini kwa simu,
sauti ikikatikakatika: "Nimeridhia, nimeridhia,"
na ami yangu akashika mkono wa Twalib kwa niaba yake.

Siku ya tano, kwenye feri tukirudi kutoka Likoni,
Twalib akaikunja ile risiti, akaitia mfukoni.
Katikati ya watu na baiskeli
na mbuzi mmoja aliyeponea chupuchupu
akaniuliza chini kwa chini:
"Na kwenu, je?"
Nikatazama maji.
Tuliposhuka upande wa pili
hakuelekea nyumbani.

Tulimkuta mlangoni, na kanzu
iliyopigwa pasi hadi ikang'aa.
Hakushtuka kutuona.
Mezani palikuwa na tambi chini ya kawa,
zimekauka pembezoni, chupa ya chai,
na vikombe vitatu.
Jirani aliyekuja kuchungulia ndiye aliyesema:
tangu jana asubuhi anavitoa,
hakuna ajaye, anaviosha, anavipanga tena.

Hakusema kuleni. Hakusema mbona mmechelewa.
Alimimina chai, mkono ukimtetemeka kidogo,
changu akakitia sukari vijiko vitatu
kama nilivyotaka nikiwa na miaka tisa.
Siku hizi sinywi sukari.
Nilikinywa chote, na ile iliyotuama chini
nikaikoroga kwa kidole.

Wala hatukuzungumza mengi. Bei ya mbuzi,
baridi ya Wundanyi, ile kofia.
Baba akacheka, nikaona jino lililokosekana
ambalo sikujua lilitoka lini.

Na Twalib, aliyeapa njia nzima
kwamba hatakiangalia chakula
mpaka Mfunguo Nne,
akaivuta sahani, akala,
akakwangua mpaka maua ya chini yakaonekana,
kisha akainua uso:
"Baba, zimebaki?"